Askari akikusimamisha barabarani, nguvu inaruhusiwa mpaka wapi?

Kila inaposambaa video ya askari akivutana na dereva wa bodaboda, makundi ya WhatsApp ya huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Himo mpaka Ngaramtoni, hugawanyika kabla hata watu hawajaitazama mpaka mwisho. Upande mmoja unasema alibeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hakuvaa kofia ngumu, alisimamishwa akakimbia, kwa hiyo aliyataka mwenyewe. Upande wa pili unasema trafiki haruhusiwi kumgusa mtu hata kwa kidole, kazi yake ni kuandika faini tu. Watu wanabishana mpaka usiku, wengine wanajitoa kwenye kundi kwa hasira, na wanalala bila kujua kwamba sheria haikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Ubishi huu una madhara. Dereva anayeamini kwamba hagusiki anaweza kuigeuza faini ndogo ikawa kesi ya kumzuia askari kufanya kazi yake. Na jamii inayoamini kwamba mwenye kosa hana haki ya kulalamika inazoea kuona kijana anavunjwa mguu kwa sababu ya kofia ya abiria, kisha inauliza kwanza alikuwa amekosea nini. Mimi hilo la pili linaniumiza zaidi, na nitalirudia mara kadhaa.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba maswali mawili tofauti yanaulizwa kama swali moja. Swali la kwanza: je, dereva alivunja sheria? Swali la pili: je, nguvu iliyotumika ilihitajika? Ukijibu la kwanza bado hujajibu la pili. Dereva anaweza kuwa na makosa matano na bado askari akawa amekosea kumpiga. Vilevile dereva anaweza kuwa hana kosa lolote na bado akawa amekosea kumsukuma askari aliyemsimamisha.

Maneno matatu ya kuyaelewa kwanza

Kusimamishwa ni kitu kidogo. Askari mwenye sare anakupungia mkono, unasimama, anatazama leseni, bima, matairi, idadi ya abiria. Uhuru wako umezuiwa kwa dakika chache na kwa jambo maalumu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo kwenye vitabu ni Sura ya 168, inakutaka utii. Ukipita ukijifanya hukuona, umefanya kosa jipya, hata kama mwanzoni hukuwa na kosa lolote.

Kukamatwa ni hatua nyingine kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mtu anakamatwa pale askari anapomgusa au kumzuia mwili wake, au pale mtu mwenyewe anapojisalimisha kwa neno au kwa kitendo. Maana yake ukisema "sawa afande, twende kituoni", ukaongozana naye, umeshakamatwa, na hakuna sababu ya mtu kukushika ukosi. Unapokamatwa unatakiwa pia kuelezwa ni kwa kosa gani.

Makosa mengi ya barabarani hayafiki huko. Yanaishia kwenye faini unayoandikiwa ukapewa na namba ya malipo: shilingi 30,000 kwa kosa la gari, na shilingi 10,000 kwa pikipiki na bajaji tangu Serikali ilipopunguza kiwango hicho kupitia bajeti ya 2021/22. Kama hukubaliani na kosa, njia ya mahakamani ipo wazi, na kusema "afande, hili kosa silikubali, naomba nikajieleze mahakamani" si ukaidi. Ni haki, mradi unaisema bila kumsogelea mtu usoni.

Neno la tatu ni nguvu. Wengi wakilisikia wanafikiria rungu na risasi. Kwa maana inayotuhusu hapa, nguvu ni kitendo chochote cha kimwili ambacho askari anakifanya ili kukulazimisha: kukushika mkono, kukuvuta ushuke, kuchomoa funguo kwenye pikipiki, kukufunga pingu, kukupiga rungu, kukupulizia gesi, kukupiga risasi. Ukilielewa hivyo, utaona kwa nini ile kauli ya "trafiki haruhusiwi kugusa mtu" haiwezi kuwa kweli. Trafiki ni askari polisi kama wengine, ana mamlaka ya kukamata, na ukamataji wenyewe kisheria unaweza kuanza kwa kumgusa mtu. Suala ni kiasi gani, na kwa ajili gani.

Kipimo chenyewe

Kipimo kimeandikwa katika Sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na hakihitaji mwanasheria kukielewa. Askari anapomkamata mtu asitumie nguvu kubwa kuliko ile inayohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke, na asimdhalilishe zaidi ya inavyohitajika. Mtu akishakuwa chini ya ulinzi atendewe kwa utu. Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya 1977, ambayo ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Ibara hiyo haisemi "isipokuwa kama hana kofia ngumu".

Mfikirie fundi anayekaza nati za tairi. Anatumia nguvu, tena nyingi, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu nati isipokaza gurudumu litachomoka njiani. Lakini ikishakaza anaacha. Akiendelea kuibana anakata bolti, na hapo hawezi kujitetea kwamba nati ilikuwa imelegea sana mwanzoni. Nguvu ya polisi inapimwa vivyo hivyo: ina lengo moja, kumdhibiti mtu, na inakoma dakika lengo linapotimia.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inazungumzia mtu anayeshtakiwa kwa sababu ya nguvu aliyoitumia wakati wa kumkamata mwenzake aliyekuwa anagoma au anakwepa. Mahakama ikipima kama nguvu ile ilistahili, inatakiwa iangalie uzito wa kosa alilokuwa anatuhumiwa nalo yule aliyekamatwa, pamoja na mazingira yalivyokuwa. Sasa rudi kwenye faini. Kosa la mwendesha bodaboda, sheria yenyewe imelipima kuwa la shilingi 10,000. Huwezi kuchukua kosa la shilingi 10,000 ukaweka juu yake mguu uliovunjika, ukasema mizani imekaa sawa.

Tuitazame hatua kwa hatua

Chukua mfano. Ni asubuhi, kijana anatoka Kiboriloni kuelekea soko la Mbuyuni, nyuma amempakia mama mwenye mkungu wa ndizi aliouweka kati yao. Mama hana kofia ngumu. Askari anamsimamisha.

"Leseni yako, kijana."

"Shikamoo afande. Hii hapa."

"Abiria wako kofia iko wapi?"

Hapa hakuna nguvu yoyote inayohitajika, kwa sababu kila kitu kinakwenda kwa maneno. Askari akimpiga kofi kijana katika hatua hii, hata kama kijana amejibu kwa ufidhuli, hilo kofi halikamati mtu wala halizuii mtu kutoroka. Ni kipigo tu, na kama angelipiga mtu wa kawaida tungeliita shambulio bila kusitasita. Ufidhuli unaudhi, sikatai. Hauongezi kiwango cha nguvu.

Tuseme kijana anawasha pikipiki aondoke. Askari akinyoosha mkono akachomoa funguo wakati chombo bado kimesimama, ametumia nguvu ndogo kabisa inayoweza kufanya kazi. Wengi hulalamikia kitendo hiki kuliko vyote, na ninaelewa kinavyokera, lakini ukikilinganisha na yanayoweza kufuata, hakuna aliyeumia. Kijana akianza kumvuta askari mkono ili anyang'anye funguo, mambo yamebadilika: sasa kuna mtu anayepinga kwa mwili, na askari anaweza kumshika, kumzungusha mikono nyuma na kumfunga pingu. Hapo ndipo vijana wengi wanapojiharibia. Kumzuia askari kutekeleza kazi yake ni kosa la jinai lenye kesi yake, na hakimu hatakuuliza kuhusu kofia tena.

Tuseme pingu zimefungwa, kijana amekaa chini pembeni ya mtaro, amenyamaza. Nati imekaza. Teke lolote kuanzia dakika hiyo ni adhabu, na adhabu askari hajapewa. Imepewa mahakama. Hili halibadiliki hata kama dakika mbili nyuma kijana alikuwa amemrarua askari shati. Hasira ya askari inaeleweka kibinadamu, kwa sababu ni binadamu aliyesimama juani tangu alfajiri, anayetukanwa na kila haisi inayopita. Kwa kuchaniwa shati yuko huru kufungua kesi, na ana mashahidi. Teke halimo katika njia alizopewa.

Akikimbia je?

Hili ndilo tukio linalovunja watu miguu. Pikipiki haikusimama, askari au mgambo aliyekuwa pembeni anairushia rungu kwenye tairi, anamvuta dereva shati, au anamshika abiria.

Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo kwenye maeneo ya makazi, ni sawa na mita 14 hivi kwa sekunde moja. Ndani ya sekunde moja pikipiki imevuka urefu wa Noah tatu zilizopangwa. Kwa mwendo huo rungu likiingia kwenye spoku, gurudumu la mbele linaganda na watu wawili wanarushwa mbele kwenye lami. Dereva pengine ana kofia. Yule mama wa ndizi hana, na ndiyo maana walisimamishwa. Yaani sheria ya kofia ngumu ipo ili kulinda kichwa chake, halafu nguvu inayotumika kuisimamia ndiyo inayokwenda kukipasua kichwa hichohicho. Na yeye hakukataa kusimama. Hakushika usukani.

Ukitaka kujua kama nguvu ilihitajika, jiulize ni njia gani nyingine ilikuwepo. Pikipiki ina namba, namba ina mmiliki aliyesajiliwa. Dereva ana kijiwe, na kijiwe kina mwenyekiti anayemjua kila mtu anayepaki pale. Mbele kuna kituo kingine cha ukaguzi na askari wana simu na redio. Najua hoja ya upande wa pili: namba nyingine zimepakwa tope makusudi, nyingine ni za bandia, na baadhi ya wanaokimbia wamebeba mirungi au wametoka kupora simu. Ni kweli, na kwa hao uzito wa tuhuma ni mwingine. Lakini askari anayerusha rungu kwa kila anayepita hajui yupi ni yupi, na walio wengi wanakimbia kwa sababu hawana leseni au hawana hiyo elfu kumi.

Mgambo nao, kwa haraka: akiwa anamsaidia askari, hapati ruhusa kubwa kuliko aliyonayo askari.

Pale nguvu kubwa inapostahili

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kila nguvu ni uonevu. Dereva anayeielekeza gari kwa askari aliyesimama barabarani ameifanya gari kuwa silaha, na gari la tani mbili linaua kama silaha nyingine yoyote. Mtu anayeshuka na panga, au gari linalotafutwa kwa ujambazi wa kutumia bunduki likikutwa pale njia panda ya KIA usiku, si mambo ya faini. Askari hapo wana haki ya kujilinda na kutulinda sisi.

Hata hivyo silaha ya moto ina mlango mwembamba zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamkataza askari, anapomkamata mtu, kufanya kitendo kinachoweza kumuua mtu huyo, ila pale anapokuwa na sababu za msingi kuamini kwamba kinahitajika kuokoa maisha au kuzuia mtu asidhurike vibaya. Sheria ya Jeshi la Polisi na Huduma Saidizi, Sura ya 322, nayo inataja mazingira ya kutumia bunduki, kwa mfano mtu aliye chini ya ulinzi kwa kosa kubwa la jinai anapotoroka, na inadai onyo litangulie. Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inasimama palepale: risasi ni kwa ajili ya hatari ya kifo au jeraha kubwa, na njia nyepesi ziwe zimeshindikana. Kukimbia trafiki kwa sababu bima imeisha hakuingii popote katika orodha hizo.

Video za Marekani na barabara zetu

Sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu inatoka kwenye simu. Kijana wa Majengo ameona video nyingi zaidi za polisi wa Marekani kuliko alivyowahi kusoma sheria ya Tanzania, na anachukua kanuni za kule akidhani zinatumika hapa. Ni vizuri kujua za kule zikoje, ili tuzitenganishe.

Kipimo kinachotumika Marekani kilitokana na mtu aliyesimamishwa barabarani. Mwaka 1984, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari, alihisi sukari inashuka. Akamwomba rafiki yake ampeleke dukani akanunue maji ya machungwa. Akaingia, akakuta foleni ndefu, akatoka mbio ili aende kwingine. Askari mmoja, Connor, aliona mtu anaingia dukani na kutoka haraka, akashuku, akaisimamisha gari yao. Graham alifungwa pingu, akaeleza ugonjwa wake, hakusikilizwa. Rafiki yake mwingine alimletea maji ya machungwa palepale, askari wakakataa asipewe. Mwisho iligundulika kwamba dukani hakuna kilichotokea, wakamrudisha nyumbani, akiwa amevunjika mguu na kuumia bega.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1989 iliweka kipimo: nguvu ya askari itazamwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwepo pale, kwa kile alichokijua wakati ule, si kwa hekima ya baadaye. Viangaliwe uzito wa kosa, kama mtu ni hatari kwa wengine, na kama anapinga au anakimbia. Wanaoutetea uamuzi huo wanasema askari huamua ndani ya sekunde. Wanaoupinga wanasema umewapa askari mwanya mpana mno.

Mei 2025 mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye suala hili katika kesi nyingine ya barabarani. Ashtian Barnes alisimamishwa Texas mwaka 2016 akiendesha gari la kukodi lililokuwa na deni la tozo za barabara. Gari lilipoanza kuondoka, askari alirukia kwenye kizingiti cha mlango, na ndani ya sekunde chache akampiga risasi na kumuua. Mahakama za chini ziliangalia zile sekunde mbili tu ambazo askari alikuwa ananing'inia mlangoni. Majaji wote wa mahakama ya juu walisema hapana, tukio zima litazamwe, tangu kusimamishwa kwake. Hawakuamua kama askari yule alikuwa na hatia, wala hawakugusa swali la askari anayejiletea hatari mwenyewe. Walikataa tu kulipima tukio kwa kipande chake cha mwisho.

Sheria hizo si zetu. Kule askari anaisogelea gari akijua dereva anaweza kuwa na bastola kwenye dashibodi, kwa sababu raia wengi wanazo. Ndiyo maana madereva wa kule wanafundishwa kuweka mikono kwenye usukani na kutosogeza chochote. Hapa trafiki wa kawaida anakusogelea akiwa na sare nyeupe, simu na mashine ya faini, na hofu yake kubwa ni kugongwa. Kwa hiyo nguvu ambayo mahakama ya Marekani ingeielewa haiwezi kuhalalishwa Arusha kwa kusema "hata Marekani wanafanya". Nasi madereva tusiige ule ujasiri wa kukataa kushusha kioo na kumsomea askari katiba ya nchi nyingine. Jambo moja tu ningependa tulichukue kutoka kwa Barnes: ukiona video ya sekunde kumi, uliza kilichotangulia, kwa pande zote mbili.

Ambayo watu huniuliza

Sisi wa Moshi tunaishi na shule ya polisi mjini kwetu, ambayo wazee bado wanaiita CCP, na karibu kila mtaa una mtu anayemjua mkufunzi au kuruta. Kwa hiyo maswali hayaishi.

Je, kurekodi kunasaidia? Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeuruhusu. Simama mbali, usimwingilie askari, na tunza video yenyewe kwenye simu iliyorekodi bila kuikata. Kosa linakuja pale unapoirusha mtandaoni na maelezo ya uongo, kwa mfano kuandika kwamba mtu amekufa na hajafa. Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huohuo, inakugusa wewe hapo.

Je, akinitaka "tuelewane" na akinitishia kunilaza ndani nisipotoa? Hiyo ni rushwa inayolindwa kwa tishio la nguvu, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Dhamana ya polisi nayo ni bure. Kwa kosa la kawaida la barabarani, ukikamatwa bila hati na haiwezekani kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kulishughulikia suala la kukuachia kwa dhamana.

Na aliyeumizwa? Atibiwe kwanza, iwe hospitali ya Mawenzi au Mount Meru, kama hali ni mbaya. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itafuata, lakini isicheleweshwe, kwa sababu fomu hiyo ndiyo inayounganisha jeraha na tukio. Kama unaogopa kituo cha askari unayemlalamikia, nenda kingine au moja kwa moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Daktari aandike anachokiona. Siku hiyohiyo andika mahali, saa, namba ya gari la polisi kama lilikuwepo, jina au namba ya askari iliyo kwenye sare, na simu za waliokuwepo. Mama wa ndizi ni shahidi bora kuliko rafiki yako wa kijiweni.

Malalamiko yanaanzia kwa mkuu wa kituo, kisha wilaya, kisha kamanda wa mkoa. Nje ya jeshi ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo cha kikatiba ambacho raia anaweza kukiandikia bila wakili na bila ada. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Wengi wa Arusha hutaja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa iko mjini kwao. Mlango huo kwa sasa haufunguki moja kwa moja. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki pale, na kuondolewa huko kulianza kufanya kazi Novemba 2020. Ukaribu wa jengo usikufanye uache mahakama za ndani.

Anayetaka fidia kutoka serikalini lazima kwanza atoe notisi ya siku 90 kwa ofisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kabla ya kufungua shauri. Shauri lililofunguliwa bila notisi hiyo hutupwa hata kama jeraha linaonekana kwa macho, kwa hiyo barua iandikwe mapema, wakati mashahidi bado wanakumbuka na karatasi za hospitali bado zipo.